Umegawanya kwa Ngapi?



Kuna aina ya video ambayo imeshapita kwenye kila grupu nililomo. Jamaa ameshika maikrofoni, nyuma yake ramani ya Marekani, miji imewekwa alama nyekundu, na kando ya kila mji kuna namba ya waliouawa. Chicago iko juu kabisa. Muziki wa kutisha. Halafu inakuja ile kauli: mji mkuu wa mauaji. Ukishuka kwenye maoni unakuta "wanauana wao kwa wao", unakuta "hao ndio walivyo", na kuna mmoja wetu, Mwislamu, tena mweusi kama mimi na wewe, ameweka emoji ya kucheka.

Sijifanyi mtakatifu. Mwaka 2021 mimi pia nilituma video ya namna hiyo kwa watu kama mia mbili, nikaandika chini "subhanallah". Subhanallah ya nini hasa? Sikuwa nimegawanya hata namba moja. Kwa hivyo haya ninayokuambia leo nimejigombeza nayo mwenyewe kwanza.

Tuanze na hesabu, ile ya shule ya msingi. Ukisikia kwamba mji fulani wameuawa watu 700 na mwingine 260, swali la kwanza ni: hiyo miji ina watu wangapi? Harusi ya watu elfu ikiishiwa sahani 20 na harusi ya watu hamsini ikiishiwa sahani 15, unajua ni nani aliyepanga vibaya. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa uaminifu huhesabu kwa kila watu 100,000.

Chukua mwaka 2020, kwa sababu mwaka huo Marekani ilifanya sensa na tuna idadi kamili ya watu. Chicago ilipoteza watu takriban 770. Kwa namba tupu hakuna mji ulioifikia, na hapo ndipo video inaposimama. Lakini Chicago ina watu milioni 2.7. Ukigawanya unapata 28 kwa kila 100,000. Philadelphia waliuawa watu 499 katika watu milioni 1.6, hiyo ni 31. Umeona? Tayari Chicago imepitwa. Detroit, 327 katika watu 639,000, ni 51. Baltimore, 335 katika watu 585,000, ni 57. Na St. Louis, mji ambao pengine hujawahi kuusikia kwenye video hizo, waliuawa watu 263 katika wakazi 301,578. Kiwango: 87. Mara tatu ya Chicago.

Na New York, ile New York ya sinema za majambazi? Watu 460 na ushee katika watu milioni 8.8. Ni 5 na kitu. Mji huohuo mwaka 1990 ulizika watu zaidi ya 2,200 waliouawa.

Sasa najua unachotaka kufanya. Unataka kurudi kwenye grupu uandike: "Mmekosea, namba moja ni St. Louis." Subiri kwanza. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoteleza mara ya pili.

St. Louis ni mji gani? Mwaka 1876 wakazi wake walipiga kura kujitenga na kaunti iliyouzunguka. Wakati ule mji ulikuwa na pesa na kaunti ilikuwa mashamba, na watu wa mjini hawakutaka kodi yao ijenge barabara za wakulima. Mpaka ukachorwa, na haujasogea mpaka leo. Karne iliyofuata waliokuwa na uwezo, wengi wao wazungu, walihamia ng'ambo ya mpaka, wakaondoka na kodi zao. Leo mji wenyewe una watu karibu laki tatu na kaunti ya jirani ina watu karibu milioni moja. Wanatazama timu ileile ya besiboli, wanashuka uwanja uleule wa ndege, asubuhi wengi wanaendesha gari kuja mjini kazini. Lakini unapofika wakati wa kugawanya waliouawa, hao milioni moja hawamo kwenye hesabu.

Jaribu hili. Unganisha mji na kaunti. Halafu, ili mtu asiseme tunapendelea, tuchukulie kwamba kaunti nayo waliuawa watu wengi sawasawa na mjini, jambo ambalo haliko kweli. Hata kwa dhana hiyo mbaya kabisa, kiwango kingeshuka kutoka 87 hadi 40. Hakuna aliyefufuka. Ni mstari tu wa mwaka 1876 umefutwa kwenye karatasi.

Miji mingine ilifanya kinyume. Nashville iliungana na kaunti yake mwaka 1963, Jacksonville ikafuata mwaka 1968, na kwa ukubwa wa ardhi Jacksonville sasa inapita miji yote ya bara la Marekani ukiacha Alaska. Mapori na vitongoji vyake vyote tulivu vinaingia kwenye kugawanya. Ukiweka Jacksonville na St. Louis kwenye orodha moja unalinganisha nyumba nzima na chumba kimoja, tena chumba kilekile ambacho kuna mgonjwa.

Detroit ndiyo inayonifurahisha zaidi, kama kuna cha kufurahisha katika mambo haya. Katikati ya Detroit kuna mji mwingine unaoitwa Hamtramck. Ni mji kamili, una meya wake na polisi wake, wakazi kama 28,000, Wayemeni na Wabangladeshi wengi, na mwaka 2021 wapiga kura walichagua baraza la madiwani ambalo wote ni Waislamu. Umezungukwa na Detroit karibu pande zote. Mtu akiuawa upande huu wa barabara ni takwimu ya Detroit. Akiuawa upande wa pili, Detroit haimjui. Na kule magharibi, ukivuka tu mpaka, kuna Dearborn ya Waarabu, nayo ina kitabu chake. Namba ya "Detroit" unayotumiwa kwenye simu imechagua ni nani wa kumtoa na ni nani wa kumwacha, na hakuna aliyekuuliza maoni yako.

Shirika la FBI lenyewe, ambalo ndilo linalokusanya takwimu hizi kutoka kwa idara za polisi, limeonya miaka mingi kwamba zisitumike kupanga miji mstari wa kwanza na wa mwisho. Mwenye duka amekuambia usinunue kwa njia hiyo, na wewe unashindana na yeye! Tena mwaka 2021 walipobadilisha mfumo wa kukusanya takwimu, idara nyingi hazikupeleka za mwaka mzima, zikiwemo za New York na Los Angeles, miji miwili mikubwa kuliko yote. Orodha za mwaka huo ziliendelea kuchapishwa mitandaoni kama kawaida.

Lakini usinielewe vibaya, maana kuna wanaofika hapa wakaanza kusema "basi ni uongo wote". Sio uongo wote. Tofauti zipo na ni kubwa. Boston na Detroit zinakaribiana kwa idadi ya watu. Mwaka 2024 Boston waliuawa watu 24. Detroit waliuawa 203, na Detroit wakashukuru, kwa sababu idadi yao haikuwahi kuwa ndogo hivyo tangu miaka ya 1960. Tofauti ya mara nane hivi haielezwi na mpaka wa manispaa peke yake. Inahitaji kuelezwa kwa mambo mengine, na hapo ndipo wale wa "hao ndio walivyo" hunyamaza, kwa sababu kueleza ni kazi.

Detroit ilikuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950. Leo imebaki na theluthi moja. Viwanda vya magari vilifungwa au vikahama, waliobaki ndio waliokosa pa kuhamia, na mwaka 2013 mji ukatangaza kufilisika, mji mkubwa kuliko wote uliowahi kufilisika nchini humo. Taa za barabarani zilizimika mitaa mizima. Unadhani ni damu gani ya mtu inayoweza kusababisha hayo?

Na hata ukiwa ndani ya mji mmoja, wastani wa mji ni mtu asiyekuwepo. Hakuna anayeishi "Chicago". Watu wanaishi Englewood, wanaishi Lincoln Park, wanaishi Streeterville. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha tiba cha New York University walionyesha kwamba mkazi wa Streeterville, kule kando ya ziwa, anatarajiwa kuishi miaka 90, na wa Englewood miaka 60. Ni mji mmoja, na kati ya mitaa hiyo ni maili kama 9 tu. Huyo wa Streeterville akisikia Chicago ni ya kwanza kwa mauaji anashangaa, na huyo wa Englewood akisikia kwamba kwa kugawanya Chicago ni ya kati tu, naye anashangaa zaidi.

Kule St. Louis mgawanyo una jina la barabara: Delmar. Kaskazini yake weusi, kusini yake wazungu, na bei ya nyumba inabadilika ukivuka lami. Haikutokea kwa bahati. Kulikuwa na mikataba ya nyumba iliyomkataza mwenye nyumba kumuuzia mtu mweusi. Familia moja nyeusi ilinunua nyumba kaskazini mwa St. Louis, jirani wazungu wakaenda kortini kuitoa, na kesi ikafika Mahakama ya Juu. Hiyo ndiyo Shelley v. Kraemer ya mwaka 1948, iliyosema korti zisitekeleze mikataba hiyo tena. Familia ilishinda. Lakini kufikia wakati huo ramani za serikali za miaka ya 1930 zilikuwa zimeshapakwa rangi, mitaa ya weusi nyekundu, maana yake benki isikopeshe pale. Nyekundu ile na nyekundu ya kwenye video, ukiziweka juu ya nyingine, utakuta sehemu nyingi zinafuatana.

Wewe unayetoka mtaa ambao ukiutaja kwenye mahojiano ya kazi watu wanatazamana, hili hulihitaji kuelezwa mara mbili.

Turudi kwenye namba yenyewe, kwa sababu hatujauliza swali ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: ni kifo kipi kinachohesabiwa?

Polisi wa Chicago hawaweki kwenye hesabu yao aliyepigwa risasi kwenye barabara kuu zinazopita katikati ya mji, kwa sababu hizo ni za polisi wa jimbo. Mtu aliyeuawa na polisi, ikiamuliwa kwamba afisa alikuwa na haki ya kufyatua, haingii katika kundi la mauaji kwenye takwimu za FBI. Michael Brown, kijana wa miaka 18 aliyeuawa na polisi Ferguson tarehe 9 Agosti 2014, dunia nzima iliandamana kwa jina lake. Afisa hakushtakiwa. Na Ferguson, kwa taarifa yako, iko upande wa kaunti, nje ya ule mstari wa 1876.

Kisha kuna aliyepigwa risasi akapona. Huyo hayumo kwenye orodha ya mauaji. Bunduki ni ileile, risasi ni ileile, aliyefyatua ana nia ileile. Kinachoamua kama ataingia kwenye video au la mara nyingi ni ambulensi. Hapa naomba unipe dakika zako, kwa sababu kisa hiki ndicho kilichonifanya niandike.

Upande wa kusini wa Chicago, ambako watu wanapigwa risasi kuliko kwingi, hospitali ya University of Chicago ilifunga kitengo chake cha majeruhi mahututi wa umri wa watu wazima mwaka 1988. Hospitali nyingine ya upande huo ikajitoa mwaka 1991. Kuanzia hapo, mtu mzima akipigwa risasi upande ule, ambulensi ilimpita mlangoni mwa hospitali kubwa ya chuo tajiri, ikampeleka mbali. Agosti 2010 kijana wa miaka 18, naye mwenyewe mwanaharakati katika kikundi cha vijana cha mtaani kwake, alipigwa risasi iliyolengwa mtu mwingine. Alianguka mahali ambapo kutoka pale hadi hospitali hiyo ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Akapelekwa katikati ya mji, maili karibu 9. Akafariki.

Kwa jamaa wa video huyo ni moja. Ongeza moja kwenye namba ya Chicago, endelea.

Wenzake hawakuiacha ikawa moja. Walianza kuhesabu kitu kingine: maili na dakika. Walilala chini mbele ya majengo ya chuo kama maiti, wakaingia ndani ya jengo jipya la hospitali wakakamatwa, wakaenda kwenye mikutano ya wakubwa, mwaka baada ya mwaka. Wakaambiwa haiwezekani, ni ghali, sio kazi ya hospitali yetu. Mwaka 2013 ukachapishwa utafiti wa kitabibu ulioangalia majeruhi wa risasi wa Chicago, ukaonyesha kwamba aliyepigwa zaidi ya maili 5 kutoka kituo cha majeruhi alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa. Yaani vijana walikuwa wamesema kweli kabla ya madaktari kuchapisha. Mwishoni mwa 2015 chuo kikakubali. Mei 2018 kituo kikafunguliwa.

Miaka minane, kwa vijana wa rika lako. Na silaha yao ilikuwa takwimu! Takwimu ileile ya mauaji ambayo wewe na mimi tulikuwa tunaitumia kucheka. Tofauti ni kwamba wao waliiuliza: huyu aliyekufa alihitaji nini ambacho hakukipata?

Jamaa wa video haulizi hivyo. Na nyuma yake kuna mwenye nguvu zaidi ambaye anapenda sana orodha. Donald Trump amewahi kusema Chicago ni mbaya kuliko Afghanistan. Tarehe 11 Agosti 2025 alitangaza hali ya dharura ya uhalifu mjini Washington, akachukua usimamizi wa polisi wa mji na kuingiza askari wa National Guard barabarani. Siku hiyo walionyesha chati zinazolinganisha mauaji ya Washington na ya miji mikuu ya kigeni, Baghdad ikiwemo, Bogotá ikiwemo. Washington walikuwa wameuawa watu 274 mwaka 2023. Mwaka 2024 waliuawa 187. Mauaji yalikuwa yameshuka kwa theluthi moja kabla askari hawajafunga kamba za buti. Lakini chati haihitaji kuonyesha namba inakwenda wapi. Inahitaji kukutisha tu, na ili ikutishe inakuazima jina la mji wa Kiislamu uliopigwa mabomu na nchi hiyohiyo inayochora chati.

Hapo ndipo ile emoji yako ya kucheka inapoishia. Ukishakubali kwamba mji fulani ni wa wauaji kwa asili yake, umeshakubali pia kwamba Baghdad ni kipimo cha ubaya, na kwamba mtoto wa shangazi yako aliye Minneapolis, miongoni mwa Wasomali wengi waliopitia Kenya kabla ya kufika kule, anaishi mahali pa kupelekewa askari. Maana hata Minneapolis iliwahi kubandikwa jina la mauaji. Ilikuwa 1995, watu 97 walipouawa. Jina likabaki miaka mingi baada ya namba kushuka.

"Lakini si ni kweli wanauana wao kwa wao?"

Sawa, tuangalie. Takwimu za FBI za mwaka 2019, katika kesi ambazo muuaji alijulikana: weusi waliouawa, karibu 9 kati ya 10 waliuawa na weusi. Wazungu waliouawa, karibu 8 kati ya 10 waliuawa na wazungu. Watu huuawa na wanaoishi nao karibu, basi. Umewahi kuona video ya "wazungu wanauana wao kwa wao"? Mimi bado.

"Na sheria kali za bunduki za Chicago, mbona hazisaidii?" Hili pia huletwa sana. Polisi wa Chicago na meya walichapisha ripoti mwaka 2017 kuhusu bunduki zilizokamatwa: nyingi, kama 6 kati ya 10, zilitoka nje ya jimbo la Illinois, na jimbo lililoongoza ni Indiana, ambalo unalifikia kwa gari kabla chai haijapoa. Funga mlango wako uache wa jirani wazi halafu uniambie mlango haufanyi kazi. Ukipanga kwa majimbo badala ya miji, wanaokaa juu ni Mississippi na Louisiana, ambako sheria za bunduki ni legevu. Sijaona ramani hiyo ikipewa muziki wa kutisha.

Na kama kweli unataka kukasirika, kasirikia hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 polisi wa Marekani walikuwa wakihesabu kwamba wametatua zaidi ya kesi 9 kati ya 10 za mauaji. Kufikia 2021 ilikuwa karibu nusu. Nusu! Katika kila janaza mbili, moja aliyeua hajulikani, pengine anapita mtaani, pengine amesimama kwenye mazishi. Kijana anayejua kwamba aliyemuua kaka yake hatakamatwa anafikiria nini usiku? Mama anayejua kwamba akitoa ushahidi hatalindwa, atasema? Hiyo ni injini ya mauaji kuliko rangi ya mtu yeyote, na haimo kwenye orodha kwa sababu ingewauliza polisi maswali.

Sisi tunajiita watu wa tabayyun, tukiletewa habari tunahakikisha. Basi kuna habari nyingine hujaletewa.

Baltimore, ile ya 57 kwa kila laki, miaka minane mfululizo kuanzia 2015 ilizika watu zaidi ya 300 kila mwaka. Mwaka 2022 walikuwa 334. Mwaka huo wakaanza, wilaya moja ya magharibi kwanza, kufanya jambo lenye kuchosha: kuwatambua watu wachache walio karibu zaidi na kuua au kuuawa, kuwafuata mmoja mmoja, kuwaambia tunataka uishi, hii hapa kazi, hapa matibabu, hapa pa kulala, na ukiendelea kufyatua tutakukamata wewe, sio mtaa mzima. Pamoja na hao kulikuwa na watu wa mitaani, wengine waliowahi kufungwa, ambao tangu 2007 wamekuwa wakiingia katikati ya ugomvi kabla bunduki haijatoka, na baadhi yao wenyewe wameuawa kazini. Mwaka 2023 waliouawa walikuwa 263. Mwaka 2024, 201. Siwezi kukuambia kila aliyeokoka aliokolewa na mpango huo, maana mauaji yalishuka miji mingi miaka hiyo. Lakini Baltimore ilishuka haraka kuliko wengi.

Na Chicago kwenyewe, kusini magharibi, kuna Waislamu wa IMAN, waliojipanga tangu miaka ya 1990. Wana kliniki. Wanachukua nyumba zilizotelekezwa, wanazikarabati pamoja na watu waliotoka jela, fundi akiwa ni huyohuyo ambaye kila mtu alimwona ni tishio. Mtaa wao uko karibu na Marquette Park, ambako Martin Luther King alipigwa jiwe kichwani mwaka 1966 alipokwenda kudai weusi waruhusiwe kupanga nyumba. Leo pana kumbukumbu yake, na waliosimamia ijengwe ni hao Waislamu.

Sasa rudi kwenye lile grupu. Usiwatukane, najua una hasira za karibu. Jibu hiyo video kwa maswali tu: umegawanya kwa ngapi, mpaka wa mji uko wapi, na hospitali ya karibu ilikuwa umbali gani. Na ile uliyoituma wewe, ikiwa bado iko kwenye statasi, ifute. Yangu ya 2021 nilichelewa, watu mia mbili walikuwa wameshaiona.